Karl Terzaghi, Bingwa wa Udongo, na Somo Nililolipata Loitokitok

Sisi watu wa pwani hatukuzoea kuhangaika na msingi wa nyumba. Ukichimba Mombasa au Malindi, mara nyingi hukawii kulifikia tumbawe, na ukuta ukishasimama juu ya tumbawe, husimama mpaka wajukuu. Kwa hivyo mtu akitwambia kwamba ulimwenguni palikuwa na mwanachuoni aliyeutumia umri wake wote kuyachungua matope, wengi wetu tutacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipofika Loitokitok.

Ilikuwa mwaka 1986. Nilikuwa kijana, kazi yangu kuchota udongo, kuutia mifukoni, kuukausha, kuuchekecha na kuandika hesabu zake daftarini ili wahandisi wajue ni wapi pa kupitisha barabara. Tulipiga kambi Loitokitok, mji mdogo ulioko miguuni mwa mlima Kilimanjaro upande wa Kenya, hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania. Asimamaye pale huona ardhi ya namna mbili. Juu, mlimani, kuna udongo mwekundu unaotoa mahindi, maharagwe na nyanya. Chini, katika mbuga ziendazo Amboseli, kuna mahali pengi penye udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa za kuingiza mkono mzima, na mvua ikinyesha hugeuka ulimbo wa kunasa lori.

Waislamu wa mji ule hawakuwa wengi, nao walikuwa wakitaka kumjengea maalimu wao chuo cha kusomeshea watoto. Walikuwa na viwanja viwili vya kuchagua. Kimoja kilikuwa mlimani, katika udongo mwekundu, na bei yake ilikuwa ghali. Cha pili kilikuwa bondeni, katika udongo mweusi, rahisi na tambarare kama mkeka. Shehe wao, akijua kazi yangu na kwamba mimi ni mtoto wa Kiislamu kutoka pwani, aliniita baada ya sala ya alasiri akaniuliza, kama amwulizavyo baba mwanawe, ninaonaje.

Ndugu msomaji, jambo hili huniuma mpaka leo. Udongo ule mweusi nilikuwa nimeupima juma lile lile na nilijua ni wa aina mbaya. Lakini na ule mwekundu nilikuwa nimeupima, na karatasi zangu ziliuandika kuwa ni mbaya vile vile. Nikaona hakuna tofauti. Tena wazee walikuwa wamekwisha kukipenda kiwanja cha bondeni, na mimi kijana nikaona haya kuwapinga. Nikamwambia shehe kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi, wafanye waonavyo. Wakajenga. Pesa zilizojenga zilikuwa sadaka, na nyingine zilitoka kwa akina mama waliokuwa wakiuza mahamri alfajiri.

Mvua za vuli zikaja. Sakafu ilivimba katikati kama mkate uliotiwa hamira nyingi, kuta zikapasuka pembe kwa pembe, mlango ukakataa kufungwa. Kabla ya mwaka kwisha watoto walikuwa wakisomea chini ya mti.

Mzee mmoja mhandisi aliyekuwa mkubwa wetu kambini aliniona nina huzuni. Hakunikaripia. Alinikalisha, akanisimulia habari za Karl Terzaghi, na tangu usiku ule nimekuwa nikiyasoma maisha ya bwana huyu kila nilipoyapata. Leo nataka kuwasimulia wasomaji, maana jina lake hujulikana na kila mhandisi duniani, lakini kwetu ni wachache waliolisikia.

Terzaghi alizaliwa tarehe 2 Oktoba mwaka 1883 katika mji wa Prague, ambao siku hizo ulikuwa chini ya ufalme wa Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na mtoto naye akapelekwa shule za kijeshi tangu akiwa na miaka kumi. Jeshi hakulipenda. Akaingia chuo cha ufundi cha Graz kusomea uhandisi wa mitambo, na huko alijulikana zaidi kwa ugomvi na utundu kuliko kwa masomo. Mara moja alikaribia kufukuzwa, akaokolewa na mwalimu wake Ferdinand Wittenbauer aliyesimama kumtetea. Alihitimu mwaka 1904. Mitambo nayo hakuipenda. Moyo wake ulikuwa katika mawe na ardhi, akawa kila apatapo nafasi hupanda milima kuchungua miamba.

Basi akaingia kazi ya ujenzi. Alifanya kazi Croatia, akafika hata Urusi, na kila mahali aliliona jambo moja lililomsumbua. Wahandisi wa zama zake walikuwa na hesabu barabara za chuma, za mbao na za mawe. Walipofika kwenye udongo, elimu iliwaishia. Mabwawa yalibomoka, kuta za kuzuia ardhi zilianguka, majumba yalizama upande mmoja, na aliyeulizwa sababu alisema tu kuwa udongo ulikuwa mbovu.

Mwaka 1912 Terzaghi alisafiri kwenda Marekani, ambako serikali ilikuwa ikijenga mabwawa makubwa katika nchi kame za magharibi. Nia yake ilikuwa kukusanya habari za kila mahali palipojengwa, aina ya udongo uliokuwapo, na kama jengo lilifaulu au lilianguka. Alidhani kwamba akizikusanya za kutosha, kanuni itajitokeza yenyewe. Alizunguka kwa muda mrefu, akarudi kwao mwishoni mwa 1913 akiwa amekata tamaa. Sababu yake, msomaji, ndiyo kiini cha makala haya. Madaftari yote aliyoyasoma yaliuita udongo kwa majina matupu: mchanga, mfinyanzi, changarawe. Mfinyanzi wa mahali hapa ulibeba jumba, na mfinyanzi wa mahali pale ulimeza nyumba, na wote jina lao moja. Jina halikumwambia lolote. Akafahamu kwamba kabla ya kuusema udongo sharti kwanza uupime, kisha uupe jina linalotokana na kipimo.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaingia. Terzaghi alitumikia jeshi la nchi yake, na mwaka 1916 akapelekwa Istanbul, uliokuwa makao makuu ya Dola ya Uthmania na mji wa Khalifa. Dola hiyo ilikuwa upande mmoja na Austria katika vita, na mwalimu wake wa zamani, Philipp Forchheimer, alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza masomo ya uhandisi huko. Terzaghi akawa mwalimu katika chuo cha wahandisi cha Sultani. Kwa hivyo elimu hii inayotawala ujenzi wa dunia nzima leo ilipata ulezi wake katika mji wa Kiislamu, mbele ya wanafunzi wa Kituruki.

Mwaka 1918 Waturuki na Waaustria walishindwa, majeshi ya kigeni yakaingia Istanbul, na Terzaghi akapoteza kazi. Hakuwa na nchi ya kurudi, maana ufalme alikozaliwa ulikuwa umevunjika vipande. Chuo kimoja cha Wamarekani, Robert College, kilichokuwa kilimani Rumeli Hisari juu ya mlango wa bahari wa Bosphorus, kilimpokea. Hapo ni karibu na ile ngome aliyoijenga Sultan Muhammad al-Fatih mwaka 1452, mwaka mmoja kabla ya kuuteka mji. Siku hizi uwanja ule ni wa Chuo Kikuu cha Boğaziçi.

Chuo hakikuwa na maabara ya udongo. Terzaghi aliokota vyombo vyake jaani. Alitumia makasha ya biri, vyombo vya jikoni na vyuma vilivyotupwa. Katika makasha yale alitia mchanga akapima jinsi unavyosukuma ukuta, kisha akatia mfinyanzi wenye maji akauwekea mizigo, akakaa akiuangalia saa baada ya saa, siku baada ya siku, jinsi unavyodidimia. Aliendelea hivyo kwa miaka kadhaa. Nje ya dirisha lake dola ilianguka, Jamhuri ya Uturuki ikatangazwa mwaka 1923, Ukhalifa ukaondolewa mwaka 1924, naye yumo na makasha yake.

Alichokigundua nitakieleza kwa mfano wa jikoni kwetu. Mama akikamua nazi hutia nazi iliyokunwa na maji katika kifumbu, kisha huminya. Mwanzo nguvu ya mkono hupokewa na maji yaliyofungiwa mle ndani. Tui likitoka, machicha hukaribiana, na mwisho machicha ndiyo yanayopokea nguvu yote. Mfinyanzi nao ni vivyo hivyo. Ukijenga nyumba juu yake, uzito hubebwa kwanza na maji yaliyo baina ya chembe. Maji hayo hutafuta njia ya kutoka, lakini matundu ya mfinyanzi ni madogo mno kuliko ya kifumbu, na kutoka kwake huweza kuchukua miezi au miaka mingi. Kwa kadiri maji yatokavyo ndivyo nyumba inavyodidimia. Nguvu ya kweli ya udongo ni ile inayobebwa na chembe zenyewe, baada ya kuondoa sehemu inayobebwa na maji. Hesabu ya jambo hili aliitoa mwaka 1923, na mwaka 1925 akachapisha kitabu chake kikubwa kwa Kijerumani, Erdbaumechanik. Kuanzia hapo watu walimwita baba wa elimu ya udongo kwa wajenzi.

Mwaka huo huo aliitwa Marekani kufundisha katika chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts. Huko alimpata msaidizi kijana, Mwaustria mwenzake, aitwaye Arthur Casagrande, aliyezaliwa mwaka 1902. Huyu ndiye aliyetengeneza kile kikombe cha shaba nilichokipiga mimi Loitokitok mpaka mkono ukafa ganzi. Udongo uliolowa hutiwa katika kikombe, hukatwa mfereji katikati, kisha kikombe huinuliwa na kuangushwa kimo cha milimita 10, tena na tena. Mfereji ukijifunga kwa mapigo 25, maji yaliyomo ndiyo kikomo cha udongo ule kugeuka uji. Kisha udongo huviringishwa kwa kiganja mpaka uwe mwembamba wa milimita 3, kama tambi za Idi. Ukianza kukatika, hicho ndicho kikomo cha kufinyangika. Fikira ya vikomo hivi ilikuwa ya mkemia wa Sweden, Albert Atterberg, aliyeitoa mwaka 1911. Casagrande alivipanga vikomo hivyo katika chati yenye mstari mmoja wa mshazari: ulioangukia juu ya mstari ni mfinyanzi, ulioangukia chini ni vumbi laini.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, majeshi ya Marekani yalihitaji kujenga viwanja vya ndege upesi katika nchi wasizozijua. Casagrande akawatungia mpango wa kuupa kila udongo herufi mbili kwa vipimo hivyo. Mpango huo, ukisharekebishwa, ulikubaliwa mwaka 1952 kuwa mmoja kwa idara zao kubwa za ujenzi, na tangu hapo umeenea dunia nzima. Kwa hivyo ile ndoto ya Terzaghi ya mwaka 1912, kwamba udongo upewe jina litokanalo na kipimo, ikatimia kwa mkono wa mwanafunzi wake.

Terzaghi mwenyewe alirudi Vienna mwaka 1929 kufundisha. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika, na mwaka 1930 alimwoa Ruth Doggett, Mmarekani aliyekuwa mwanachuoni wa miamba, akawa mkewe na mwenzake kazini mpaka mwisho. Siku zake za Vienna zina kisa kimoja cha kusikitisha. Mwaka 1936 mwalimu mwenziwe, Paul Fillunger, aliandika kijitabu cha kumshambulia yeye na elimu yake. Chuo kikaunda kamati ya kuchunguza, na kamati ikampa haki Terzaghi. Mwezi wa Machi 1937 Fillunger na mkewe walijiua. Terzaghi alishinda, lakini mtu mwenye moyo hawezi kufurahia ushindi wa namna hiyo. Waliochunguza baadaye wameona kwamba Fillunger naye alikuwa na fikira nzuri katika elimu ile ile, zikapotea katika hasira.

Mwaka 1938 Wajerumani waliichukua Austria, na Terzaghi akahamia Marekani, akafundisha Harvard. Mwaka 1948 yeye na Ralph Peck walitoa kitabu ambacho wanafunzi wa uhandisi wamekisoma kizazi baada ya kizazi. Serikali za nchi nyingi zilimtafuta. Huko Misri aliongoza baraza la washauri wa Bwawa Kuu la Aswan, akajiuzulu mwaka 1959 kwa kutokubaliana na wahandisi wa Kirusi waliochukua kazi ile.

Sasa nafika kwenye habari aliyonisimulia yule mzee kambini. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa ikijenga bwawa la Sasumua, South Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua, ili kuipatia Nairobi maji. Bwawa hili ni ukuta wa udongo, na udongo uliokuwako ni ule uliotokana na majivu na mawe ya volkano. Ulipopimwa ulitia watu hofu. Ulikuwa na maji mengi mno, ulikuwa mwepesi mno ukikauka, na katika chati ya Casagrande uliangukia chini ya mstari, mahali pa udongo usiotakiwa katika bwawa. Kwa karatasi, ulikuwa wa kutupwa.

Terzaghi aliombwa ushauri. Hakuishia kwenye karatasi. Aliuchungua udongo wenyewe ulikotoka na jinsi ulivyofanyika, na mwaka 1958 akachapisha taarifa ambayo inasomwa mpaka leo. Ndani ya udongo ule mna madini yaitwayo haloisiti, na chembe zake zimeshikamana mafungumafungu, kila fungu gumu kama punje, na ndani ya punje mna maji yaliyofungiwa. Maji hayo yanahesabiwa katika kipimo, lakini hayaulainishi udongo. Ndiyo sababu kipimo kilisema ni dhaifu, hali wenyewe ulikuwa na nguvu na tena unazuia maji vizuri. Bwawa likajengwa kwa udongo ule ule, likashika maji, na Nairobi imekunywa humo miaka mingi.

Tafakari, msomaji. Mtu aliyelia kwamba udongo hauna majina ya haki, na ambaye mwanafunzi wake ndiye aliyeyatunga majina hayo, alikuwa wa mbele kuonyesha kwamba jina peke yake halitoshi. Hakuitupa chati. Alisema kwa vitendo kwamba chati ni mlango, nawe ukishapita mlangoni lazima uende ukauone udongo pale ulipo.

Mzee alipomaliza, nilielewa kosa langu. Udongo mweusi na udongo mwekundu wa Loitokitok karatasi zangu ziliuona wote mbaya, lakini ubaya wao haukuwa mmoja. Mweusi una madini yanayokunywa maji na kuvimba, kisha yakikauka hunywea. Nguvu hiyo huinua nyumba na kuipasua. Mwekundu asili yake ni volkano, ndugu wa udongo wa Sasumua. Tulikwenda tukauchota tena, nusu tukaikausha katika tanuri, nusu tukaiacha na unyevu wake wa asili. Vipimo vyake vilitofautiana kama vya udongo wa nchi mbili. Halafu tukatazama mitaro ya mlimani iliyochimbwa zamani, kingo zake zimesimama wima mvua kwa mvua. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akitutazama alishangaa tunahangaikia nini, kwani kwao, alisema, hakuna mtu mwenye akili ajengaye boma katika udongo mweusi.

Nilikwenda kwa shehe nikamwomba radhi mbele ya wazee. Nilimweleza kwamba nilijua sehemu ya ukweli nikanyamaza, na sehemu niliyoidhani nimeijua sikuijua. Shehe alininyamazia kitambo, kisha akaniambia nimwonyeshe mahali pa kuchimba. Walichanga upya, iliwachukua miaka miwili, wakajenga katika udongo mwekundu. Nilipopita Loitokitok mara ya mwisho, safari hii kwa barabara ya lami kutoka Emali, nilisimama nje ya chuo kile nikasikia sauti za watoto. Ukuta ulikuwa mzima.

Karl Terzaghi alifariki tarehe 25 Oktoba mwaka 1963 nyumbani kwake Winchester, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 80. Bwawa moja huko British Columbia, Kanada, lilipewa jina lake. Alikuwa mkali, mwenye kujiona na mgomvi, na wasifu wake haufichi hayo. Lakini alikuwa na subira mbele ya kitu ambacho watu hukikanyaga bila kukitazama, na sisi tuliofundishwa kuwa baba yetu Adamu aliumbwa kwa udongo tunapaswa kuielewa subira hiyo kuliko wengine.

Siku hizi vijana wetu wengi wa pwani wananunua viwanja bara, hata Kitengela na kwingineko Kajiado, mahali penye udongo mweusi kwa wingi. Ushauri wangu ni mdogo. Kabla ya kulipa, chimba shimo. Ukiukuta mweusi, uliza unakwenda kina gani, kwa kuwa itakubidi uuondoe wote mpaka ufikie ardhi ngumu, kisha ujaze changarawe na kuishindilia. Waulize wenyeji, mwite na mpimaji. Na ikiwa wewe ndiye mpimaji, na wazee wamekuuliza, usione haya kusema.